Futi Kamba Ndani ya Kisima cha Mama

Kazi yangu ni kukisia nisiyoyaona. Kampuni za mafuta hunitumia picha za miamba ya chini ya ardhi, nami kwenye chumba changu cha kupanga hapa mjini Wote nawaambia kama ufa fulani unapitisha mafuta au umezibwa na udongo. Njia ya uhakika ni moja: vuta kwa pampu kisima cha upande huu wa ufa, uangalie kama cha upande wa pili kitashuka. Mafuta yenyewe sijawahi kuyagusa.

Mama, kule Kyuso, alikuwa na hakika tayari. Tangu kanisa lichimbe kisima ng'ambo ya korongo, chake kilikuwa kikikauka. "Wananinyonya," alisema, akaacha kwenda ibada. Wenzake wa kwaya walikuja mara mbili, akawajibu akiwa nyuma ya mlango. Hawakurudi tena.

Akaniita nithibitishe wizi. Nilifunga nati kwenye ncha ya futi kamba, nikakaa kando ya kisima chake tangu asubuhi huku pampu ya kanisa ikinguruma ng'ambo. Kila nusu saa nilipima. Mama alipepeta ndengu akijifanya haangalii. Niseme ukweli: niliomba maji yale yashuke. Nilitaka awe na haki, hata kama ni ya kugombana.

Jioni pampu ikazimwa. Maji yalikuwa palepale, hayakushuka hata upana wa kidole. Korongo lile limefuata ufa, na ufa umejaa udongo mzito, hakuna kinachovuka. Kisima cha mama kilikuwa kikikauka chenyewe, kwa kukosa mvua.

Nilipomweleza, aliuliza, "Huwezi kuandika yameshuka hata kidogo?"

"Siwezi, Mama."

Nilisema kwa sauti ileile ninayotumia na watu wa kampuni. Bado najichukia nikiikumbuka.

"Kwa hivyo hakuna mtu alinichukulia kitu."

"Hakuna. Unaweza kurudi kanisani."

"Na nitawaangalia usoni vipi?"

Akateka maji, akanimiminia kikombe. "Kunywa, mwana wakwa. Kumbe haya ni yangu peke yangu."

Yalikuwa na chumvi kidogo, kama siku zote. Niliyamaliza, nikarudi Wote kesho yake.

Jumapili, saa nne, ibada ikiwa katikati, nilimpigia simu nikiomba asishike. Alishika kabla haijalia mara ya pili.