Kuvu ya Mgomba na Mguu wa Mzee Lomayani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mlangoni kabla sijataja hata jina. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu mlimani asubuhi ya mvua, na viatu vyangu vimebeba udongo wa shamba la mama. Mkuu wa Maabara ya hospitali, mzee mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likakauka kama ubao, akanitazama miguuni badala ya usoni.

"Binti, tope hilo lina wakazi wengi kuliko Arusha nzima. Nenda ukavioshe viatu."

Nikaenda, nikaviosha, nikarudi nimenuna. Mimi tangu utotoni sijui kuficha hasira, na kama kuna kijana anasoma haya akidhani fundi wa maabara lazima awe mpole, basi ajue amedanganywa.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa miaka mingi nilikaa meza ya usaha. Daktari anachukua usaha kwenye kidonda, mimi naupanda kwenye sahani ya petri, kile kisahani chenye chakula cha vijidudu kilichogandishwa. Juu yake naweka vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Dawa ikifanya kazi, utaona duara safi limekizunguka kipande chake, kijidudu hakisogei. Nilipoanza, maduara yalikuwa makubwa, yanapendeza macho. Miaka ikaenda, yakasinyaa. Nikaanza kutoa sahani ambazo vijidudu vimeota mpaka juu ya dawa yenyewe. Huo ndio usugu. Nilikuwa napeleka majibu wodini nimekunja uso, maana kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu majibu yale yalimaanisha msumeno.

Ndiyo sababu kituo kimoja cha utafiti chini ya Mlima Meru kilipotangaza nafasi, niliomba siku hiyohiyo. Huko nilimkuta Mkuu wa Kitengo, Mchaga wa Kibosho, msomi kwelikweli na mtu wa utani usiokwisha. Alinipokea na sahani mkononi, ndani yake kitu kama pamba yenye rangi ya waridi.

"Mama Mbise, unamfahamu huyu?"

Nikaruka nyuma. Namfahamu! Ni fuzari, kuvu ya mnyauko. Inaingia kwenye mizizi ya mgomba, inaziba mishipa ya maji, majani yanageuka njano na kulala chini kuzunguka shina. Iliua migomba ya mama yangu aina ya kisukari, ile ya ndizi tamu ndogondogo, karibu yote.

"Huyu ni mwizi!" nikamwambia. "Umemfuga wa nini?"

"Nataka alipe alichoiba," akajibu.

Na kweli, alikuwa na njia ya kumlipisha. Wenzetu wengi hutengeneza chembe nano za fedha kwa kemikali kali. Nasema fedha ile ya pete na mikufu, si ya kununulia unga. Chembe nano ni vipande vidogo mno. Kwenye upana wa unywele mmoja vinapangika maelfu. Fedha ikiwa ndogo kiasi hicho inakuwa balaa kwa vijidudu: inapasua ngozi zao na kuvuruga kila kitu ndani. Sisi tulitaka kuzipata bila zile kemikali. Unakuza kuvu kwenye maji ya viazi, unaichuja, unaiosha, unailoweka kwenye maji safi. Inaachia humo vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini mwake. Unachuja tena, kuvu inabaki nje, kisha yale maji unayatilia chumvi ya fedha. Vimeng'enya vinaigeuza chumvi kuwa chembe. Utajuaje? Kwa rangi. Maji meupe yanakuwa njano, kisha yanakolea kama chai ya rangi. Pembeni huweka chupa nyingine yenye chumvi ya fedha bila maji ya kuvu. Hiyo ikibaki nyeupe, unajua kazi imefanywa na kuvu, si na uchafu wako.

Tulihangaika, tukafaulu. Kamati ya maadili ikatupa kibali cha kujaribu shashi za kufungia vidonda zilizoloweshwa chembe zetu kwa wagonjwa wachache ambao dawa zilishawashinda. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Lomayani wa Terrat.

Alikuwa Mwarusha mwenye kisukari, mfanyabiashara wa mbuzi kwenye mnada wa Ngaramtoni, mtu aliyetembea maisha yake yote. Kidonda kilikuwa chini ya mguu wa kulia. Niliupanda usaha wake mwenyewe kwenye sahani, na hakuna kipande cha dawa kilichopata duara. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kiatu kimoja tu cha tairi.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu kwa Kiarusha, yeyo yaani mama.

"Iko," nikaitikia. "Kiatu kingine kiko wapi, mzee?"

"Cha kulia nimegawa. Mguu unaondoka, kiatu kibaki kufanya nini?"

Nilitoka nje nikalia, nasema wazi. Kisha nikarudi na shashi.

Baada ya muda harufu ikapungua na nyama nyekundu ikaanza kuonekana. Tukaanza kutembea vifua mbele. Basi umeme ukakatika siku ya mapumziko, jenereta ikagoma, na friza iliyotunza kuvu yetu ya akiba ikayeyuka, kuvu ikafa yote. Tukabaki na ile iliyokuwa kwenye sahani, tunaihamisha kutoka mlo hadi mlo. Ikawa inaota vizuri, imenenepa, inapendeza. Lakini ukiweka chumvi ya fedha, maji yanabaki meupe! Unasubiri, unatikisa, unabembeleza, meupe tu.

Mkuu wa Kitengo ndiye aliyegundua tatizo. Aliikagua chini ya darubini, akavua miwani.

"Tumemdekeza. Amekula viazi vya bure mpaka amesahau kazi. Tunamhitaji wa shamba, aliyetoka kwenye mgomba hai."

"Si tutumie za kemikali kwa sasa?" akauliza mmoja wetu.

"Kibali chetu ni cha hizi. Siwezi kumwekea mzee wa watu kidondani kitu ambacho hatukukiombea ruhusa."

Shashi zikaisha. Harufu ikarudi. Daktari wa Upasuaji akatuambia kwa upole kwamba anatuvumilia hadi kliniki ijayo, baada ya hapo atakata ili amwokoe mtu. Hakukosea. Angekuwa baba yangu, ningesema hivyohivyo.

Sasa, tatizo lilikuwa mimi. Miaka yote hiyo, wakati wa matangazo kanisani kwetu, mimi ndiye niliyesimama na kuwakaripia watu: ukiona mgomba umenyauka, ng'oa, choma, na anayeuacha ni adui wa jirani zake. Watu walinitii, hadi mgomba mgonjwa ukawa adimu kwetu. Na sijutii hata kidogo! Ndizi mnazokula leo zipo kwa sababu ya ule ukali. Ila Jumapili hiyo nilisimama palepale, Mkuu wa Kitengo akiwa kando yangu, Mkatoliki wa watu amekaa kwa adabu kati ya Walutheri, nikasema: "Ndugu zangu, nautafuta mgomba mgonjwa. Kuna mtu atapoteza mguu."

Ghafla kila mtu akawa na la kutafuta kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Kwetu asiye na pesa hutoa cha shambani, mkungu, mayai, kuku, na mzee wa kanisa ananadi hapo uani. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Mara Mama Ndeanasia, mjane, jirani wa mama yangu, akajongea mezani mikono mitupu.

"Sadaka yangu imebaki shambani," akasema. "Ni mgomba mmoja wa kisukari. Unaumwa."

Watu wakaguna.

"Uko nyuma ya banda la ng'ombe. Nimeuzungushia majani makavu ili Eliaichi asiuone. Aliupanda marehemu wangu. Kila nikishika panga, mkono unakataa. Kama unaweza kumfaa mtu, upigeni mnada."

Eliaichi ni mimi. Nilifungua kinywa nifoke, maana shamba lake limepakana na la mama! Nikaona anavyoitazama mikono yake mitupu. Nikakifunga.

Mzee wa kanisa akapaza sauti: "Haya! Mgomba mgonjwa wa Mama Ndeanasia! Hauzai, hauna kivuli! Nani anaanza?"

Mkuu wa Kitengo akanyoosha mkono. Kutoka nyuma mtu akapandisha bei.

"Wewe naye unautaka wa nini?" nikamgeukia kwa ukali.

"Mchaga hawezi kuondoka na mgomba wa Meru kirahisi hivyo!"

Uwanja mzima ukacheka, na wakampandishia mwenzangu bei mpaka akatoa leso kufuta jasho. Mwisho akaupata, na watu wakampigia makofi.

Shambani tulivaa mabuti, tukayaosha kwa jiki kabla ya kuingia. Mama Ndeanasia aliweka kiganja kwenye shina, akasema maneno machache kwa Kimeru ambayo si ya kuandika hapa. Tukakata. Ndani kulikuwa na nyuzi za rangi ya kutu, ugonjwa umekomaa.

"Mzuri huyu!" akanong'ona Mkuu wa Kitengo, nikamkanyaga mguu. Watu wa maabara hatuna akili. Mwenzako anaaga kumbukumbu ya mumewe, wewe unasifia ugonjwa. Tulichukua kipande kidogo kwenye mfuko uliofungwa, kilichobaki tukakichoma palepale na mizizi yake. Baadaye tulimletea miche misafi ya aina isiyougua, nikaipanda kwa mikono yangu, mbali na shimo lile.

Tukaitoa kuvu kwenye shina, tukaikuza, tukaichuja. Siku ya kutia chumvi ya fedha hakuna aliyekwenda kunywa chai. Maji yakabaki meupe. Kisha nikaona unjano kwenye ukingo wa chupa. Niliogopa kuyaamini macho yangu. Ukakolea, ukakolea, ukawa chai ya rangi kamili! Chupa ya pembeni nyeupe vilevile. Jamani, tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu.

Nikachukua vijidudu vya Mzee Lomayani, nikavipanda, nikaweka chembe zetu katikati. Kesho yake nilifunua sahani. Duara! Kubwa, safi, kama yale ya ujana wangu. Nililibusu koti la Mkuu wa Kitengo, naye hajaacha kunitania hadi leo.

Shashi zikarudi. Sukari yake ikasimamiwa vizuri na wauguzi, msije mkasema fedha peke yake ilimponya. Siku ya kliniki, Daktari wa Upasuaji alikitazama kidonda, akakigusa, akakitazama tena. "Msumeno urudi kabatini," akasema.

Nimestaafu sasa. Majaribio yanaendelea kwa wagonjwa wengi zaidi, na kuvu ile imehifadhiwa kwenye friza za majengo tofauti, kila kichupa kimeandikwa Ndeanasia. Vijana wanaoendesha kazi wana mashine nisizojua hata kuziwasha, na wananishinda. Ninachowaomba ni kimoja: wakumbuke kwamba ndani ya kila kichupa kuna mtu aliyetoa kitu kilichomuuma kukitoa.

Juzi Mzee Lomayani alitaka kumshukuru mwenye mgomba. Alishuka kwenye gari kule barabarani, akapandisha mlima mwenyewe, mwanakondoo begani. Mama Ndeanasia alisimama uani na khanga mpya, anamsubiri. Mimi nilikuwa getini na ndoo ya jiki.

"Simama hapohapo, mzee! Huingii na tope hilo kwenye migomba. Viatu vioshwe kwanza."

Akamtua kondoo, akainama, akavua, akaninyooshea huku anacheka.

"Osha, yeyo," akasema. "Osha vyote viwili."