Umri wa Nyongo ya Baba

Kazi yangu ni kuotesha bakteria katika maabara ya hospitali moja hapa Kericho. Nyongo ninaijua vizuri. Wengi wanaoletwa na vijiwe vya nyongo ni akina mama, nao huja mapema. Wanaume hujikaza mpaka wabebwe. Lakini awe mama au baba, kadiri mtu anavyozeeka ndivyo ninavyotarajia kukuta vijidudu katika nyongo yake.

Basi baba yangu akaletwa kutoka Kipkelion, amejikunja, mkono ubavuni, na bado anasema ni gesi tu.

Daktari wa upasuaji, mgeni kwetu, alisoma kitambulisho: miaka sitini na minne. Vifaa vya maabara vilikuwa vimepungua, kwa hivyo nyongo iliyokuwa ikioteshwa kutafuta vijidudu ni ya waliopita sabini pekee. "Huyu bado ni kijana," daktari akatania. Baba akatabasamu. Mimi nikapandwa na hasira.

Nilijua ukweli. Zamani, akitafuta kazi ya kuchuma chai, baba aliambiwa wanachukuliwa vijana. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, basi akajikata miaka kumi na miwili. Wenzake wa ibinda, rika alilotahiriwa nalo, walistaafu wakamwacha akichuma. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, mkali kwa waongo.

"Baba, mwambie daktari ibinda yako," nikamnong'oneza.

"Wewe msichana, unataka kuniaibisha?"

"Nataka urudi nyumbani."

Nimemwogopa baba maisha yangu yote, lakini siku hiyo sikuinamisha macho. Akamgeukia daktari.

"Hiyo kitambulisho ni ya majani chai, daktari. Mimi niko na sabini na sita. Nilidanganya."

Alipopasuliwa, nyongo yake ikaletwa kwangu. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimejaa kwenye sahani ya kuoteshea. Nikavijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, na ile aliyokuwa akidungwa haikuviweza. Nikampigia daktari simu, dawa ikabadilishwa, homa ikashuka. Najivunia kazi hiyo na sioni haya kusema.

Jumapili aliyorudi kanisani alisimama mbele bila kuitwa. Nilidhani anataka kushukuru kwa maombi. Akakohoa, akataja miaka yake yote sabini na sita, akaomba msamaha kwa ile aliyoificha. Kisha akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye alikataa nife nikiwa kijana."