Nguzo za Mawe Chini ya Nyumba ya Kemunto

Niliondoka Nyamache asubuhi kwa sababu dada yangu Kemunto alikuwa amekataa kuhamia nyumba ambayo haijajengwa bado. Ile ya kwanza, aliyoijenga mumewe Onchari bondeni karibu na Nyaramba, ilipasuka ukuta hadi kuku wakawa wanaingia bila kupitia mlangoni. Sasa Onchari alikuwa amesikia habari za nguzo za mawe, zinazoshindiliwa ardhini chini ya msingi. Mimi, niliyejisomea mambo ya misingi ya nyumba kwa miaka mingi, nikaitwa.

Kutoka Kisii hadi Nyamira udongo mwekundu wa mashamba ya chai ulinitia moyo. Mbele ya hapo njia iliteremka, na bondeni viatu vyangu vilizama topeni kabla sijamaliza kusalimia.

"Umeona, kaka?" Kemunto akasema. "Umezama, na wewe huna hata paa la bati kichwani."

Mashimo ya nguzo yalikuwa tayari, wafanyakazi wakingoja. Niliwaeleza kwamba mawe humwagwa kidogo kidogo, na kila safu hushindiliwa kwa gogo la chuma kabla ya safu nyingine. Mawe husukumwa pembeni na kuubana udongo, nao udongo huyabana mawe. Hivyo vyote viwili hubeba nyumba, na maji hupata njia ya kutokea.

"Mawe ninayo, shemeji," Onchari akasema, akafunua turubai.

Yalikuwa mabaki ya vinyago kutoka kwa binamu yake, mchongaji wa Nyamarambe: viboko wasio na masikio, twiga aliyekatika shingo.

"Haya ni laini," nikasema. "Yanachongwa kwa kisu."

"Jiwe ni jiwe. Wakisii tunajulikana dunia nzima kwa haya."

"Kwa kupamba meza," Kemunto akasema. "Si kwa kulala juu yake."

Nilitumbukiza viboko watatu shimoni, wafanyakazi wakashindilia. Tulipochungulia, viboko walikuwa unga, na maji ya chini yalikuwa yakiukoroga.

"Uji," Kemunto akasema. "Ongeza sukari, baba watoto."

Alasiri Onchari alirudi na mawe meusi ya mlimani, yaliyopondwa. Tulishindilia safu baada ya safu mpaka gogo likawa linadunda. Kemunto akajifunga leso kiunoni, akapanda juu ya nguzo, akarukaruka.

"Sasa utahamia?" mumewe akauliza.

"Nitahamia. Lakini wewe utatangulia. Masika yapite ukiwa humo, ndipo nilete vyombo."

Jioni nilirudi Nyamache nikitafakari. Vitabu vyangu vinasema nguzo ijaribiwe kwa mzigo mzito kabla ya kutegemewa. Havisemi kwamba mzigo unaofaa zaidi ni mume.