Chokaa Juu ya Kipimo

Maji yanayopita huusugua ukuta unaoyaongoza. Kuipima nguvu ya msuguano huo ndiyo kazi inayonilisha, na ndugu zangu wa Tabora hadi leo huniuliza, kwa upole, nitapata lini kazi.

Mwaka jana kamati ya mfereji wa mpunga, katika kijiji kimoja upande wa Isikizya, iliniomba niseme lango la maji lifunguliwe kiasi gani. Mfereji ulianza kwa saruji, kisha ukawa udongo mtupu. Na hapo udongo ulipoanzia ndipo lilipokuwa shamba la shangazi yangu. Maji yakisugua kupita kiasi, kingo zingemomonyoka na mchanga ungeufunika mpunga wake wote.

Mwishoni mwa saruji nilipachika bamba dogo la chuma, sawasawa na uso wa ukuta, likishikiliwa na springi nyembamba, na pande zote nikaliachia mwanya usiozidi unene wa ukucha. Maji hulivuta bamba. Mshale ulio juu ya ukingo huonyesha limevutwa kiasi gani.

Asubuhi ya uzinduzi niliukuta ukuta mzima mweupe. Zamani misafara ilipoingia Unyanyembe, huku kwetu Tabora, ililakiwa kwa milio ya bunduki. Siku hizi mgeni hulakiwa kwa chokaa. Mawe yalipakwa, miti ilipakwa hadi kiunoni, na bamba langu, kwa heshima ileile, lilipakwa mara mbili, mwanya ukazibwa barabara.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenyekiti wa kamati.

"Marahaba, daktari. Umeona tulivyokupendezeshea mtambo wako? Ulikuwa unatutia aibu."

Kabla sijajibu, mgeni rasmi aliwasili, na lango likafunguliwa robo. Mshale haukutikisika. Mwenyekiti akainama, akautazama, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sayansi imethibitisha: maji yetu hayasugui kitu. Makofi yakapigwa. Nilikuwa nimeshuhudia maji ya kwanza duniani kupita mahali pasipo kupagusa.

Mgeni akaushika usukani wa lango ili alifungue lote. Shangazi, aliyeketi na akina mama wenye vitenge vya sare, hakumtazama mgeni, alinitazama mimi.

Nikapiga magoti ukingoni na suti yangu, nikazamisha mkono majini, nikaanza kukwangua kwa ufunguo wa mlango.

"Daktari, unachafua," mwenyekiti alininong'oneza, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Nasafisha, mzee."

Bamba lilipoachia, mshale uliruka, ukasimama karibu kabisa na kikomo nilichokadiria kwamba udongo ule ungekihimili.

"Hiyo ni nzuri?" mgeni aliuliza.

"Kwa saruji ni nzuri, mheshimiwa. Ukiongeza, shamba la kwanza ni msiba."

Aliuachia usukani kama mtu aliyepokonywa sahani kabla ya kuonja.

Lango limebaki robo, na shangazi amevuna. Picha ya uzinduzi imetundikwa ofisini kwa kamati: ukuta mweupe wenye doa moja jeusi la mraba. Nasikia doa hilo litapakwa kabla ya mgeni ajaye. Shangazi ameniomba nimwachie ule ufunguo.