Mbao za Kutelezea

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya simu posta, Singida mjini. Mbele yangu mama mmoja wa Sepuka alizungumza na mwanawe anayesoma Ulaya, kwa sauti iliyotosha foleni nzima.

“Mbao za kuvaa miguuni?” Akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia. “Anataka kununua mbao za kutelezea kwenye theluji. Ziko za aina mbili. Nzito zinatulia kwenye njia iliyotengenezwa. Nyepesi anaweza kupandia mlima hata porini, ila akishuka kwa kasi zinatetemeka. Anasema nisiporidhia haendi huko mlimani.”

“Nzito,” akaamua mzee mmoja. “Zimshikilie chini.”

“Hapana, baba.” Akarudi kwenye simu. “Mwanangu, chukua nyepesi. Ukipanda na nzito utafika juu umechoka, miguu haitakutii kushuka. Zikitetemeka, punguza mwendo. Sema, ‘Nitapunguza, mama.’”

Akafumba macho mpaka akasikia jibu, kisha akaweka simu chini taratibu.

“Kakubali,” akatuambia, akifuta jasho. “Haya, nani kati yenu amewahi kuiona hiyo theluji?”

Tukatazamana. Hakuna. Lakini ushauri ulikuwa umeshatolewa, na mimi naona ulikuwa mzuri.