Mashua Bapa ya Bugarama

Papa, baba yangu, alikuwa seremala hapa Kamembe, ng'ambo ya Bukavu, na miaka ile ya baada ya vita vya huku kwetu kazi iliyomjia zaidi ilikuwa majeneza. Sisi Waislamu hatuzikani kwa jeneza, lakini majirani Wakristo walikuja, naye hakumrudisha mtu. Nilikuwa na miaka ishirini, nikimsaidia na randa yangu. Tulifanya kazi bila maneno mengi.

Kiangazi kimoja alikuja msimamizi wa mashamba ya mpunga ya Bugarama. Maji ya bwawa lao la kumwagilia yalikuwa yamepungua hadi magotini. Magugu yameziba mlango wa maji, na mtumbwi wao wa gogo umelala kwenye tope. Anayekwenda kwa miguu anadidimia hadi kiunoni. Walihitaji chombo chepesi.

"Utaweza, Mzee?"

Papa hakuwahi kutengeneza chombo cha majini, wala hakujua kuogelea. Akasema ataweza.

Katika nyumba yetu ya uani aliishi Maman mmoja wa Bukavu, mchuuzi wa vitenge. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza alivuka daraja na furushi moja, akaomba kulala siku tatu. Sasa ulikuwa unakaribia mwaka. Mumewe, mwenye kuchechemea mguu wa kushoto, alikuwa ameshuka Uvira kutafuta bidhaa siku chache kabla ya bunduki kulia, na tangu hapo hakusikika. Maman huyu alizaliwa na kukulia kisiwani Idjwi. Siku moja alimkuta Papa akichonga ubao mrefu wa kupigilia chini ya mashua.

"Papa, hiyo ni ya nini?"

"Ni mkuku. Mashua haikosi mkuku."

"Maji iko ya magoti, na wewe unaiongezea mguu? Toa. Fanya kama sinia."

Papa aliuweka ule ubao kando. Mashua ikawa bapa, pana, nyufa zake zimezibwa kwa pamba na lami. Tulipoishusha kwenye lori kule Bugarama, wafanyakazi wa mpunga walicheka. Mmoja alisema hilo ni jeneza la muntu munene. Papa aliendelea kufungua kamba.

Maman, aliyekuja nasi kwa kuwa ndiye aliyejua maji, alikaa nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Mimi nilikaa mbele na kafi. Papa naye akapanda.

"Nimeijenga mimi. Ikizama, nizame nayo."

"Utazama wapi, Papa? Ukisimama tu, maji inakufika kwa magoti."

Nilipiga kafi kwa nguvu zangu zote, likaibuka na tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza. Korongo aliyekuwa akitembea karibu nasi alitupita.

"Hapana kuchimba," Maman aliniambia. "Hii si shamba. Pitisha juu-juu, kama unatoa povu kwa maharagwe."

Nikafanya hivyo, na mashua ikateleza. Tulikwama mara tatu. Kila mara alituamuru tusogee nyuma, kisha mbele, polepole, mpaka tope likatuachia. Papa alishika kingo zote mbili akisoma dua kwa sauti ndogo.

Kwenye mlango wa maji tuling'oa magugu hadi adhuhuri. Chini yake kulikuwa na gogo limejibana. Papa alichukua msumeno, akainama mpaka kifua kikagusa maji, akakata. Nadhani alisahau kuogopa. Gogo lilipoachia, maji yaliingia mferejini kwa mvumo, na watu waliokuwa wameinama mashambani wakasimama kutazama.

Tulipokuwa tukipumzika, Maman alisema bila kutuangalia, "Bwana yangu hajui kuongoza mutumbwi. Kila siku najiuliza kama alipata muntu wa kumuvusha."

"Sijui, Maman," Papa akamjibu. "Tuombe alimpata."

Msimamizi alimwomba Maman abaki kuitunza mashua mpaka mvua zirudi, akabaki. Kumbe alikuwa na sababu yake. Wanawake wa sokoni Kamanyola, ng'ambo ya mpaka kwenye njia ya Uvira, walivuka kila juma kuja kununua mchele, naye aliwauliza mmoja mmoja. Mvua za kwanza zilipokaribia, mmoja akamwambia kwamba yuko mutu wa Bukavu anayetengeneza radio Uvira, anachechemea mguu wa kushoto, na hutaja jina la mke wake kwa kila anayetoka upande huu. Jina lilikuwa lake.

Alikuja Kamembe kutuaga, akala nasi wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Papa alimuuliza kama ana neno la kumpelekea mwenye nyumba aliyokuwa amepanga Bukavu.

"Mwambie apangishie batu bengine," alisema. "Mimi nashuka Uvira."

Asubuhi nilimbebea furushi hadi kwenye gari la Bugarama, avukie mpaka huko. Alikaa mbele, karibu na dereva, akakunja kitenge chake vizuri magotini, na gari likaondoka.