Mbuzi wa Nne wa Sadallah

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Sadallah anachuna mbuzi kwa mkono wa kushoto. Kisu kinateleza vizuri, na wateja wake wa Newala wanangoja huku wakimtania. Mkono wa kulia ameuacha ubavuni, maana hauinuki kupita kifua.

Uliharibika miaka sita iliyopita, mwaka wa Maji Maji, alipochukuliwa kubeba mizigo ya askari wa Mdachi kutoka Lindi. Aliteleza na mzigo wa frasila mbili, akaudaka usimwangukie mwenzake, bega likaalika. Maumivu yaliisha baada ya miezi, lakini nyama ya nyuma ya bega ilinywea, na leo ngumi ya mtoto inaingia pale.

"Nikaambiwa nimerogwa," anasema. "Mwaka mzima namtafuta mchawi, kumbe mchawi ni kano lililokatika."

Waliomfundisha ni mbuzi. Mteremko wa kuendea maji bondeni huwaangusha kila kiangazi, na mwaka mmoja alinunua watatu walioumia bega wiki moja. Wa kwanza alimchinja baada ya siku saba: kano limekatika, nyama bado nyekundu. Wa pili baada ya miezi miwili, nyama imepauka. Wa tatu alimweka hadi mavuno. Huyo aliacha kuchechemea, akawa anaruka ua, na Sadallah akafurahi kweli, akisema akipona mbuzi naye atapona.

Alipompasua, kano lilikuwa limeshika tena mfupa, lakini nyama yake imegeuka mafuta matupu.

"Siku hiyo sikula," anasema. Alijua mkono wake haurudi.

Ndiyo maana mwezi uliopita, mkewe Zena alipoanguka na mtungi kwenye mteremko uleule akashindwa kuinua mkono, Sadallah hakungoja ramli. Siku ileile, nyama ikiwa bado nyekundu, aliufunga kwa kaniki, akamkataza jembe na mchi. Maji anateka yeye, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Wanaume wanamcheka kumwona na mtungi kichwani. Anawajibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Alinunua pia mbuzi wa nne, aliyeumia wiki hiyohiyo, akamfunga bega vilevile. Nia yake ilikuwa amchinje baada ya miezi miwili aone kama dawa yake inafaa. Lakini Zena, kwa kukaa bure, amemlisha mbuzi huyo mpaka wamekuwa mashoga.

"Baba Kurwa, huyu humchinji," anamwambia mumewe, amekuja naye kwa kamba. "Tumeumia pamoja, tutapona pamoja."

Sadallah anamuuliza, sasa atajuaje kama nyama iko hai. Zena anamkuna mbuzi shingoni. Mume anacheka mpaka anaweka kisu chini.

"Haya, nimemsamehe," anasema. "Nimeshaona ndani vya kutosha. Sasa nangoja asubuhi moja tu, Mama Kurwa ajitwike mtungi mwenyewe, mikono yote miwili juu, asiniite."